Je, Wajua? Picha ya jani la mhindi hutoshea katika kyubiti 10

Viwavijeshi vamizi walipoingia mashamba ya mahindi ya Bungoma na Kitale mwaka 2017, haikuchukua muda ikaja Nuru, programu ya simu iliyozinduliwa na FAO na Chuo Kikuu cha Penn State mwaka 2018. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani lililotoboka, akajibiwa hata pasipo intaneti.

Picha kama hiyo inaweza pia kuwekwa katika saketi za kompyuta ya kwanta, ambayo hutumia kyubiti, yaani biti za kwanta. Picha ya nukta 32 kwa 32 isiyo na rangi ina namba 1,024, nazo zote hutoshea katika kyubiti 10, kwani kila kyubiti inayoongezwa huzidisha nafasi maradufu. Kasheshe ni kuipakia picha humo, kisha kusoma jibu: kila kipimo hutoa biti 10 tu na kuvuruga taarifa nyingine zilizokuwa ndani ya kyubiti.