Je, Wajua? Kitenge kigumu si lazima kiwe kizuri

Kitenge kinachokakamaa dukani huwa kimeshibishwa wanga mara nyingi. Kifikiche kwa viganja viwili: kikitoa unga mweupe na kulegea, ujue kikifuliwa mara moja tu kitanyong'onyea kama kitambaa cha kufutia meza.

Kisha kigeuze. Kitenge cha waksi halisi hutiwa rangi pande zote mbili, hivyo nje na ndani hulingana. Kikiwa na mgongo uliopauka, kimechapwa upande mmoja. Hapo shusha bei bila aibu.

Umeambiwa ni “pamba tupu”? Chomoa uzi mmoja pindoni, uuchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, ikaganda kama ushanga mgumu. (Muuzaji akikunyima hata uzi, amekwisha kukujibu.)

Na ule mng'ao wa kitambaa cha pamba kama popilini nzuri? Si hariri. Mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba soda kali (kaustiki) huimarisha nyuzi za pamba. Mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kuwa pamba ikivutwa ikakazwa ndani ya soda hiyo, hung'aa, na mng'ao huo hauchujuki hata ikifuliwa.