Kalamu Mkononi mwa Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, muhula umekwisha hapa Buluk, mtaa mmojawapo wa mji wa Juba, nasi walimu wa somo la kuandika tumefunga madaftari. Tuliyoyaona yanawahusu ninyi mlioko viwandani na mashambani.

Wanafunzi wetu si watoto. Mchana ni waashi, wapagazi na wapishi wa hoteli. Jioni ndipo hushika kalamu. Wako waliosoma Khartoum kwa Kiarabu. Wako waliokulia kambi ya Kakuma, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakasoma kwa Kiingereza na kuzungumza Kiswahili. Tangu uhuru wa mwaka 2011 lugha ya ofisi ni Kiingereza. Basi mtu mwenye akili zake hunyamaza mbele ya karatasi, si kwa ujinga, bali kwa kuiogopa lugha.

Kwa hiyo tuliziacha insha za kusifu mvua, tukawapa kazi moja: andika barua ya kudai mshahara wako. Tarehe, siku ulizofanya kazi, kiasi unachodai, jina lako. Mwashi mmoja aliandika mara sita. Barua ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu. Ya sita ilikuwa hesabu. Tajiri aliyekuwa akimfukuza mlangoni aliipokea, akalipa nusu. Nusu ya pili bado inadaiwa, na nakala ya barua anayo.

Ndugu, neno la mdomo tajiri hulikana, maandishi humbana. Kila tawi la chama lianzishe darasa la kuandika, na kila mwanachama atunze nakala yake.