Mnyonge Ana Haki

Wahenga walituachia msemo mchungu: mnyonge hana haki. Tunausema sokoni, tunausema barazani, mwisho tumeuamini. Leo napenda kuuliza, je, msemo huu ni hukumu au ni kilio? Jibu nitalitafuta Ukambani, kwa jirani zetu wa tangu zamani, ambao katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka kutoka Kitui hadi Mombasa.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilikata shauri kwamba mifugo ya Wakamba imezidi, ipunguzwe kwa nguvu. Shauri hilo liliiangukia wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo Makueni ilikuwa ndani yake. Maofisa walisema ardhi inaharibika, na kweli ilikuwa ikiharibika. Wasilolisema ni kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka, na vilima vya Mua wamekwisha pewa walowezi. Ng'ombe wakakamatwa, wakanadiwa kwa bei ya kutupa, na huko Athi River kiwanda cha nyama kilikuwa kikiwahitaji.

Msomaji asidhani ng'ombe wa Mkamba ni kitoweo tu. Katika nchi ya ukame kama Kitui na Makueni, ng'ombe ni akiba ya mwaka wa njaa, na ni mahari ya kijana anayetaka kuoa.

Mwezi wa Julai watu wapatao elfu mbili, waume kwa wake na watoto wao, walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Walikaa huko majuma kadhaa kwa utulivu, na Gavana Brooke-Popham asiwapokee. Baraza lake alilifanya Machakos mwezi wa Agosti. Muindi akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu, huku kwetu. Hata hivyo mwaka haukwisha ila serikali iliacha kuuza ng'ombe wa watu kwa nguvu.

Sasa tutazame. Sheria ilikuwa upande wa serikali. Hapakuwa na katiba ya kumlinda Mkamba, na Tangazo la Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Binadamu lilikuja tarehe 10 Desemba 1948, miaka kumi baadaye. Watu wale walisimama juu ya nini?

Cicero wa Roma, na baada yake Thomas Aquinas, walisema iko sheria ya maumbile iliyo juu ya amri za watawala, na akili ya mtu huitambua. Sisi tuliopitia vyuo vya Kurani hatuoni ugeni hapo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa sheria yakusudia kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Mpime ng'ombe wa Makueni kwa mizani hiyo. Yeye ni mali. Kwa njaa amelinda nafsi. Kwa mahari amejenga nasaba. Aliyemnyang'anya Mkamba ng'ombe mmoja amegusa mambo matatu kati ya matano.

Wanavyuoni wetu walihitilafiana. Muutazila walisema akili yaweza kuujua wema na ubaya hata kabla ya wahyi. Ashaira wakasema hukumu yajulikana kwa wahyi. Lakini hakuna kundi katika hayo lililosema kwamba asili ya haki ni mtawala.

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui wa mwaka 1931, ameeleza katika vitabu vyake jinsi Mwafrika awavyo mtu pamoja na jamaa zake. Ndiyo sababu, naona mimi, kudai kule kulikuwa kwa nyumba nzima, mama na mtoto mgongoni.

Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 19, yatamka kuwa haki ni za kila mtu na hazikutolewa na serikali. Maneno hayo yana uzito. Kitu nilichopewa na serikali, serikali yaweza kukitwaa asubuhi yoyote. Kisichokuwa chake, ikikichukua, imebaki na deni.

Basi msemo wetu naupokea kama kilio, siukubali kama hukumu. Mnyonge hana nguvu. Haki anayo, na anayeizuia ni mdeni wake.