"Mama Anaumwa Sana, Jaribu Kuja"

Mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, aishiye mbali na kwao anaijua simu ya namna hii. Huingia alfajiri au usiku wa manane, saa ambazo hakuna anayepiga kujulia hali. Anayepiga ni mjomba au shangazi, si mdogo wako uliyezoea kuongea naye. Anasalimu kwa kirefu, anauliza watoto, halafu anashusha sauti: "Mama anaumwa sana, jaribu kuja." Mwenye akili haulizi ni ugonjwa gani. Anatafuta nauli.

Ni adabu ya zamani, tena ina maana yake. Habari ya kifo haimwagwi masikioni mwa mtu aliye peke yake njiani. Anatajiwa ugonjwa ili apate nguvu ya kupanda boti, avuke ziwa salama, aingie lopango la kwao akiwa bado amesimama. Mengine atajionea: turubai limefungwa, akina mama wameketi mikekani, wanaume wameuzunguka moto. Hapo atalia, na watakuwapo wa kumshika.

Lakini adabu hiyo imesimama juu ya jambo moja, kwamba msafiri anaweza kuja. Asipoweza, inakuwaje?

Milima ya Fizi iliwahi kushuhudia jibu. Tarehe 24 Aprili 1965, boti kutoka Kigoma lilishusha Kibamba, pwani ya Ziwa Tanganyika, kundi la watu 14 waliotoka Cuba kuwasaidia waasi wa Simba waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo. Walikuwa wamepewa majina ya Kiswahili kwa kufuata hesabu. Kamanda wao, Víctor Dreke, aliitwa Moja. Daktari wao, mzungu mwenye pumu, aliitwa Tatu. Wenyeji hawakujua kwamba Tatu ni Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi Muargentina aliyeizunguka Amerika ya Kusini tangu ujanani, safari moja akiwa juu ya pikipiki.

Msafiri huyo akakwama Kibamba. Viongozi wakuu wa waasi walikuwa ng'ambo, na mmoja wao, Laurent Kabila, hakutia mguu kambini mpaka Julai. Wageni wakapanda kambi ya mlimani, wakaugua malaria, wakangoja.

Mwishoni mwa Mei likaja kundi jingine la Wacuba, likiongozana na Osmany Cienfuegos, aliyekuwa waziri katika serikali ya Havana. Alimletea Che habari za nyumbani: simu zimepigwa kutoka Buenos Aires, mama yake, Celia de la Serna, yu mgonjwa sana. Baadaye Che aliandika kwamba hata namna habari yenyewe ilivyotamkwa ilimwonyesha kuwa huo ni utangulizi tu. Kumbe Waargentina nao wana shangazi zao! Ukweli ni kwamba Celia alikwisha kufariki tarehe 19 Mei, akiwa na miaka 58. Barua aliyomwandikia mwanawe Aprili haikumfikia.

Kwenda hakukuwezekana. Kuwapo kwake Kongo kulikuwa siri kubwa, na dunia nzima ilikuwa ikiulizana Che yuko wapi. Akakaa karibu mwezi mzima akitumaini kwamba huenda simu zimekosea. Katikati ya kungoja huko, tarehe 7 Juni, Leonard Mitoudidi, mkuu wa majeshi wa waasi ambaye alikuwa ameanza kuitengeneza kambi, alizama ziwani siku ya upepo mkali. Ndipo uthibitisho wa kifo cha mama ukafika.

Alichoacha kuhusu siku zile ni hadithi fupi aliyoiita "La piedra", yaani jiwe. Ndani yake anapapasa vitu vidogo alivyobaki navyo, kikiwamo kishikizo cha funguo alichopewa na mama yake, ambacho jiwe lake lilikuwa limebanduka, akalitia mfukoni. Matanga hayamo humo. Hamna jirani aliyeleta kuni, wala mzee wa kumwambia amlilie mama yake. Juni 29 mapigano yakaanza mahali paitwapo Bendera, yakaenda vibaya, na tarehe 21 Novemba Che alivuka tena kurudi Kigoma.

Kijana aliyemfundisha Che Kiswahili, Freddy Ilanga, alikuwa na miaka 16 wakati huo. Alipelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari wa upasuaji, na ilipita karibu miaka 40 kabla hajapata mawasiliano na ndugu zake Kongo. Alifariki mwaka 2005. Huyo hakuwa hata na simu ya uongo ya kumtayarisha.

Hali kama hiyo haijaondoka ziwani. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imekuwapo tangu vita vya 1996, na wengi waliokimbilia humo ni watu wa Fizi. Wapo waliorudi, na wapo ambao wangali wanangoja. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakisubiri maiti. Upande wa pili, Warundi walio katika kambi ya Lusenda tangu 2015 nao husikia misiba ya kwao wakiwa hapa Fizi. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jaribu kuja" ni kumfungia mlangoni. Atashinda akihesabu pesa za safari asiyoruhusiwa, huku kaburi limekwisha kufukiwa.

Familia zenye busara zimeshaligundua hilo. Kwanza humpigia jirani, mchungaji au imamu, zikamwomba akaketi naye. Kisha humwambia wazi. Huko kambini mikeka hutandikwa, ugali hupikwa, watu huchanga, ijapokuwa aliyekufa amezikwa Baraka, huku Fizi. Na siku ya kuvunja matanga, wazee wanapokaa kuuliza madeni ya marehemu na nani atawachukua watoto, simu huwekwa katikati naye apate neno lake. Akikabidhiwa jukumu, hata la kulipa deni dogo la dukani, anahesabika miongoni mwa wafiwa. Asipokabidhiwa, amebaki mtu aliyepashwa habari tu.

Basi tuitunze adabu ya wazee, lakini tujue inamfaa nani. Anayeweza kuvuka aambiwe mama anaumwa. Asiyeweza aambiwe mama amefariki, tena aambiwe akiwa na mtu ubavuni.