Bunduki ya upepo uani: subiri kwanza, mshikaji!

Juma hili naomba tuyaweke kando mapenzi na mitindo ya nywele, maana kijiweni kwetu hapa Chitete kuna stori moja tu. Mtu akishauza ufuta wake, akalipa madeni na kumtuliza mama watoto kwa doti ya kitenge, anakuja kijiweni anakohoa kidogo, halafu anauliza: "Oya, bunduki ya upepo inapatikana wapi ya bei poa?" Simu ndizo zimetuponza. Kila mmoja ameshamwona Mzungu kakaa nyuma ya nyumba yake, kapanga makopo ya soda juu ya gogo, anayadungua moja moja huku anapiga chai. Basi na sisi tunataka.

Siwacheki. Kulenga shabaha ni utamu, na sisi wa Momba tunalo hata la kujidai nalo: tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilidondoka pale Ivuna, na vipande vilivyookotwa havifiki hata kilo moja, lakini wanasayansi wa dunia nzima wanavigombea mpaka leo. Sasa hiyo ndiyo shabaha!

Turudi ardhini. Mshikaji wangu mmoja, fundi baiskeli, aliniomba nimsindikize Tunduma kuangalia "mzigo" ambao jamaa fulani alimwahidi. Tukaukuta umefungwa kwenye kiroba cha unga. Hauna risiti wala karatasi ya aina yoyote, na muuzaji anaongea huku anatazama nyuma kama mtu aliyeiba kuku. Nikamvuta fundi shati, tukaondoka. Alininunia mpaka tumefika nyumbani.

POLISI KABLA YA DUKA

Wengi wanadhani kwa kuwa inasukuma upepo na siyo baruti, basi hiyo ni mdoli wa Krismasi. Wee! Mambo ya silaha Tanzania yanasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na yenye kuitafsiri ni polisi, siyo muuzaji wa kiroba. Kwa hiyo safari ya kwanza ni kituoni. Nenda mchana, umevaa vizuri, uliza: nataka bunduki ya upepo ya aina hii, ya kulengea shabaha nyumbani kwangu, natakiwa kufanya nini? Ukijibiwa omba kibali, omba. Ukijibiwa hapana, pesa yako bado iko mfukoni, kanunue mbuzi.

Na usijitie ujanja wa kuvuka Nakonde ukarudi nayo umeiviringisha kwenye mkeka. Pale mpakani kuna kituo cha pamoja cha forodha, kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kufungua mikeka ya watu.

Halafu fikiria jirani. Kwa mbali, saa kumi na mbili jioni, nani atajua kwamba ulichoshika ni cha upepo? Mikoa yetu hii ina historia ya magobore. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wenye silaha haramu wazisalimishe kwa hiari. Mwenyekiti wa kitongoji akiona kijana anatembea na mtutu begani hatauliza kwanza kama ndani yake kuna springi. Mwambie mapema, na jirani mwambie pia.

YA AINA GANI SASA?

Tuseme umeruhusiwa. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, lakini hii haihitaji digrii. Bunduki za upepo zipo za namna tatu ambazo utakutana nazo.

Ya kwanza ni ya springi. Unaukunja mtutu chini kama unavunja muwa, springi inabanwa ndani, unaweka kijirisasi, unaurudisha mtutu, unafyatua. Springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma kijirisasi. Ni pampu ya baiskeli yenye hasira. Ndiyo maana fundi wangu alipoelewa tu alicheka, akasema: "Kumbe hii naijua!" Kweli anaijua, maana zile za zamani zina washa ya ngozi kwenye pistoni kama pampu zake. Ngozi ikikauka, upepo unavuja.

Ya pili ni ya gesi. Inatumia vichupa vya gesi ya kaboni, vya gramu 12, vile vidogo kama kidole gumba. Inafyatua kiulaini, haikurushi bega, na dukani unaweza kukuta bei yake iko chini kuliko ya springi. Hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Kila chupa ikiisha unatakiwa ununue nyingine. Chitete utaipata kwa nani? Utabaki na fimbo ya kufukuzia mbwa.

Ya tatu inajazwa hewa ya mgandamizo mkubwa, bar 200 na zaidi. Tairi la gari dogo ni kama bar 2 tu, piga hesabu mwenyewe. Inahitaji pampu yake maalumu au mtungi kama wa wapiga mbizi. Ni nzuri sana na inalenga kama uchawi, lakini ni ya wenye mshiko mnene. Tuwaachie.

Kwa hiyo mtu wa kipato cha ufuta achukue ya springi, basi. Haiombi gesi wala umeme, na ikiharibika ni chuma ambacho fundi anaweza kukifungua akakiona.

Kipenyo chukua milimita 4.5, siyo 5.5. Vijirisasi vyake kwa kawaida ni vya bei ndogo zaidi, na ndicho kipenyo cha Olimpiki. Mchezo wa bunduki ya upepo mita 10 uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na duara la alama kumi ni nukta ya nusu milimita tu. Nusu! Mwaka 2008 Beijing, Abhinav Bindra aliipatia India medali yake ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwa mchezo huohuo. Mita 10 ni umbali wa kutoka jikoni mpaka bafu la nje. Uwanja wa Olimpiki unao tayari, mwanangu, unaanikia dagaa tu.

Usidanganyike na nguvu. Maboksi mengi yanajisifu "futi 1,000 kwa sekunde", na vijana wanadhani ndiyo ubora. Kwa kopo lililo mita 10 nguvu hiyo ni ya kazi gani? Springi kali inaruka mkononi, inakuchosha kuikunja, na inakosa shabaha. Ujerumani wanaouziwa bila kibali wana kikomo cha jouli 7.5, na watu wanafurahia mchezo uani kwao miaka nenda rudi. Mimi ningechukua iliyo laini, yenye vilengeo vya chuma vya kawaida. Darubini ya bei chee achana nayo, inalegea baada ya wiki kwa mtikisiko wa springi.

Majina makubwa utayasikia: Diana na Weihrauch za Ujerumani, BSA ya Birmingham kule Uingereza, Gamo ya Hispania, Hatsan ya Uturuki. Ni majina ya kweli yenye heshima, ila muhuri uliogongwa kwenye chuma haukuambii imelala shambani mvua ngapi. Ya mkononi yenye karatasi halali inaweza kuwa bora kuliko mpya ya ovyo, mradi uikague.

Kukagua kwenyewe ni hivi. Tikisa mtutu ukiwa umefungwa. Ukicheza kulia na kushoto, rudisha. Kunja taratibu, ukisikia kama mchanga unasagika, rudisha. Wakati wa kuweka kijirisasi shika mtutu kwa nguvu mkono mmoja, kidole kikae mbali na kifyatulio, maana kishikio cha ndani kikiachia ukiwa umefungua, mtutu unarudi kama mtego wa panya na kidole kinabaki humo. Muuzaji anayekuonyesha kwa kufyatua bila kijirisasi hajui anachouza: pistoni inagonga chuma mbele bila mto wa hewa, inaua springi na sili. Mwisho piga vijirisasi vitano kwenye karatasi, mita 10, umeegemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga. Matundu yote matano yakifunikwa na kizibo kimoja cha soda, toa pesa. Yakitawanyika kama mbegu za ulezi, mwambie ahsante kaka.

Fundi alipofika hapa akauliza kuhusu oili. Mafundi wetu na oili! Washa ya ngozi inataka matone machache mara mojamoja. Ile ya plastiki usiimwagie kabisa, kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto, oili inawaka humo ndani kama injini ya dizeli, unasikia mlipuko, moshi unatoka, na sili imekwisha.

Bei ya bunduki siyo bei ya mchezo, hilo alinielewa haraka. Kopo la vijirisasi 500, ukipiga 50 kila jioni, ni jioni kumi tu. Ulizia hayo makopo kabla ya kuulizia bunduki. Chagua vyenye pua bapa, vinatoboa karatasi tundu safi la mviringo kama umetumia mashine ya ofisini. Vile vya duara vya chuma kigumu sitaki kuviona uani kwa mtu: vinadunda na kumrudia aliyevipiga.

Lakini lililomchelewesha fundi siyo pesa wala polisi. Ni shemeji. Alisikiliza yote akiwa anapeta mahindi, halafu akasema: "Shemeji, hapa nyuma watoto wa jirani wanapita kwenda bombani. Nyie mtapiga kopo, au jicho la mtoto wa watu?" Tukanyamaza wote. Kijirisasi kilichokosa kopo kinaweza kusafiri zaidi ya mita 200, na jicho halihitaji hata nguvu ile ndogo ya Kijerumani. Jicho halishonwi.

Kwa hiyo tulipima uani. Njia ya bombani ipo upande wa magharibi, basi shabaha ikahamishwa mashariki, kwenye kichuguu, na mbele ya kichuguu fundi akapanga viroba vya mchanga mpaka urefu wa kifua. Bati, jiwe na nondo vyote vikaondolewa, maana vinarudisha risasi. Mtoto akitokea kona yoyote, mtutu chini. Miwani machoni, hata ile ya kuchomelea iliyo nyeupe. Bunduki ikilala, ifungiwe sandukuni ikiwa haijakunjwa, vijirisasi sanduku lingine, na funguo akae nazo shemeji. Hilo la funguo alilitoa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulipinga.

Njiwa na kanga wa porini je? Nilijua mtauliza. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata ukitumia upepo. Kopo halina kesi.

Wakati kibali kinaulizwa, fundi ametengeneza manati mbili: panda ya mpera, mpira wa tyubu ya ndani, kingozi cha kiatu. Badala ya mawe tunafinyanga gololi za udongo, tunazianika siku mbili, zinapasuka zikigonga kiroba wala hazirudi. Kanuni zote za bunduki zinafuatwa, hata miwani, kwa sababu manati nayo inatoa jicho. Jumapili iliyopita shemeji alidondosha vizibo saba kati ya kumi, fundi vinne. Vyangu msiniulize.

Nililotaka kusahau: vijirisasi vingi ni madini ya risasi yenyewe, yana sumu. Usivitie mdomoni kama misumari ya fundi seremala, usimwachie mtoto aokote vilivyotumika, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujaugusa ugali.