Bomba Likiziba, Nyumba Huungua

Kule Marekani nguo nyingi hazianikwi juani. Hukaushwa kwa mashine ya joto. Kati ya mwaka 2008 na 2010, mashine hizo zilizusha moto majumbani mara zipatazo 2,900 kila mwaka, na sababu kubwa ilikuwa kutosafishwa.

Nguo hutoa nyuzi laini kama sufi. Chujio hunasa baadhi, nyingine hujazana ndani ya bomba la kutolea hewa. Likiziba, joto hukosa njia, na nyuzi zile hushika moto upesi.

Nawausia jamaa zetu walioko huko: safisheni chujio kila mnapokausha, na kila mwaka mwiteni fundi alisugue bomba. Nguo zikianza kuchelewa kukauka, hiyo ndiyo dalili. Zimeni mashine kwanza, fundi aje.