Kiingereza cha Kazi: Neno Moja, Maana Moja

Kuijua lugha ya kigeni ni jambo moja. Kuitumia kazini bila kuacha shaka ni jambo jingine. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu ulitanda katika kiwanja cha ndege kisiwani Tenerife, Hispania. Rubani msaidizi Mholanzi alimwarifu mwongozaji wa ndege Mhispania kwa Kiingereza: "We are now at take-off." Mwongozaji alidhani ndege ingali imesimama, tayari kuruka, kumbe ilikwisha anza kukimbia. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba huenda msemaji alifuata muundo wa Kiholanzi, ambao huonyesha tendo linaloendelea. Ndege hiyo iliigonga nyingine iliyokuwa kwenye njia ileile ya kurukia. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa kadhaa, lugha ikiwa mojawapo.

Baadaye neno "take-off" liliwekewa mpaka: hutumika tu katika kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka. Aidha, rubani hurudia agizo kwa maneno kamili; kuitikia "OK" hakutoshi. Kanuni hiyo yawafaa pia karani, mhandisi na mfanyabiashara. Ufasaha wa kazini haupimwi kwa wingi wa msamiati, bali kwa msikilizaji kuelewa kile hasa kilichokusudiwa.